Kulabu Mbili Zilizolala Nje

Fundi hakupenda kuamkiwa akiwa na chuma motoni. Ungesimama mlangoni pa banda lake, huku kwetu mtaa wa Ramadhani, Njombe, ukasema "Kamwene" mpaka koo likakauka, naye asigeuke. Macho yake yalikuwa kwenye rangi. Chuma kikishafika rangi ya chungwa lililoiva alikitoa kwa koleo, akageuka nacho, na yeyote aliyekuwa karibu alijifunza kusogea bila kuambiwa. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi kwa ajili ya cheche.

Mara nyingi aliyekuwa karibu ni mimi. Tulipakana ua. Nina mashine ya kusaga nyuma ya nyumba, na niliiweka pale kwa sababu moja: nisitoke. Wengine Mungu aliwapa miguu ya kutembelea, mimi alinipa ya kuvalia soksi. Nilimaliza kidato cha nne, cheti kipo ndani ya fremu ukutani, na mpaka leo kazi yake kubwa imekuwa kuficha ufa wa ukuta. Fundi aliniita Kobe.

"Kobe, leo umetoa kichwa?"

"Nimekuja kuota moto, Fundi."

"Ota, lakini usiniulize kitu."

Nami niliuliza, kwa sababu mtu aliyekaa kimya humo ndani alitazamwa kama mwizi wa mkaa. Swali lililomkasirisha na kumfurahisha kwa pamoja lilikuwa hili: kwa nini ahangaike na nyundo wakati Makambako wanamimina vipuri vingi kwa mpigo mmoja? Hapo alikuwa tayari kuweka nyundo chini, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mchungaji.

"Sikiliza, wewe wa fomu foo. Kumimina ni uji. Chuma kimeyeyuka, unakimwaga kwenye kalibu ya mchanga, kinachukua umbo lolote unalotaka. Hata la pua yako, ingawa sijui nani ataagiza. Lakini uji ukiganda una mapovu ndani. Huyaoni. Utayaona siku kitu kikivunjika."

"Na kuchonga?"

"Kuchonga ni kumenya kiazi. Una donge la chuma, unalifunga kwenye mashine ya kukereza, linazunguka, kisu kinakula. Umbo unapata, tena safi kunishinda. Lakini angalia chini, nusu ya kiazi umeitupa."

"Basi kufua kwa nyundo ni ugali."

"Nani kakwambia ugali? Usinisemee. Kufua ni mti."

Halafu alifanya mchezo wake wa paini. Aliokota kipande cha ubao kilichokatwa kwa msumeno kwa umbo la kulabu, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikakatika pale kwenye pindo. Kisha alichukua kijiti kibichi cha paini, akakipinda taratibu kikawa kulabu vilevile, akanipa. "Vunja." Nilishindwa. Nililaumu baridi. "Nyuzi," alisema. "Kwenye ubao zimekatwa, kwenye kijiti zimepinda na mti wao. Chuma nacho kina nyuzi. Ukikipinda kikiwa moto zinakwenda nacho. Ukikikata, umezikata." Aliniachia vile vipande mkononi kama mtu aliyenikabidhi cheti cha pili. Nilikwenda navyo nyumbani nikawashia jiko.

Kuhusu kuchomelea hakutoa mifano. "Kuchomelea ni kuomba radhi," alisema, basi.

Ungedhani mtu wa namna hii hana kitu cha kumiminwa nyumbani kwake. Masufuria ya mkewe, yale mazito ya alumini, yalitoka Makambako, na yalimiminwa. Jiliwa lake la kubania vyuma lilimiminwa. Chuma alichofulia juu yake kilikuwa kipande cha reli, na reli, alikiri mwenyewe, haifuliwi kwa nyundo ya mtu: hupitishwa katikati ya magurudumu makubwa ikiwa moto, ikasukumwa kama chapati. Siku moja nikamchokoza.

"Fundi, mbona umezungukwa na uji na chapati?"

"Sufuria halibebi mtu. Jiliwa halibebi mtu. Kinachobeba mtu, kifuliwe."

"Na reli? Reli inabeba treni nzima."

Alifikiri. "Nenda kasage, watu wanakusubiri."

Hakukuwa na mtu.

Usharika wetu ulipopata kengele, ya kumiminwa, badala ya rimu ya lori tuliyokuwa tukiigonga miaka yote, Fundi alinuna. Alisema ina mapovu, itapasuka kabla ya Pasaka. Lakini kuanzia Jumapili ile akawa anafika kanisani kabla ya mwinjilisti, anasimama chini ya kengele, kofia mkononi, kichwa kimeinama upande. Nilimwuliza anafanya nini.

"Nasikiliza kama imepasuka."

Pasaka ikapita, na Krismasi, naye bado anasikiliza. Mkewe aliniambia kwa sauti ya chini, "Anaipenda, anaona aibu tu. Usimchokoze kwa hilo." Nilijitahidi sana. Nilidumu mpaka jioni.

Watu wa mbali walipita mafundi wengine njiani wakaja kwake kwa sababu ya kulaza. Baridi ya Njombe wageni hudhani tunawatania. Juni na Julai unaamka unakuta sakitu imetanda juu ya majani, nyeupe kama chumvi. Fundi aliamini kuwa chuma chenye kasoro huificha mchana, ila kikilala nje kwenye sakitu, asubuhi kinasema. Kwa hiyo chochote cha kubeba watu, kiwe mnyororo, ekseli ya mkokoteni au kulabu ya tela, hakikutoka kwake kabla ya kulala nje. Asubuhi, jua likiwa halijakigusa, kilifungwa juu ya ile reli, na nyundo kubwa akapewa mtu ambaye kitu hicho kitambeba. Si Fundi. Si bosi aliyelipia, kama bosi ni wa kukaa ofisini.

"Anayebebwa ndiye anayepiga," alisema. "Kesho asije akasema alidanganywa."

Nimeona madereva wenye mashavu ya mawe wakipiga kwa woga, kama wanabembeleza mtoto. Fundi aliwarudisha. "Piga kama unakichukia."

Binti yake alikulia ndani ya desturi hiyo. Katika watoto wake wote ni yeye tu aliyependa banda. Alivuta mvukuto wa kupulizia moto mpaka nywele zikanuka moshi. Lakini alipoomba nyundo, Fundi alikataa. "Itakuharibu mabega," alisema. Mama yake akajibu kwamba mabega ni ya binti, si ya Fundi, na nyumba ile ikanuna hata mimi jirani nikaanza kuongea kwa kunong'ona. Binti akaenda chuo cha ufundi, kisha akafungua karakana yake Mahongole, kule Makambako. Anamimina masufuria na puli za mashine, anakereza, ana mtungi wa gesi wa kukatia bamba nene za chuma. Hawakugombana, yeye na baba yake. Waliacha tu kuzungumza, wakawa wanatumiana maneno kupitia wateja.

"Mwambie puli yake ina tundu."

"Mwambie tundu ni la kufungia boliti, nimelitoboa kwa makusudi."

Wateja walichoka.

Hali ilikuwa hiyo wakati kulabu ya shemeji yangu ilipofunguka. Lameki, mume wa mdogo wangu, anaendesha trekta la kuvuta magogo kule Kifanya. Magogo hukatwa bondeni, na tela likishajaa hupandishwa mlima hadi barabarani. Nyuma ya tela hutembea wapakiaji na mawe mikononi, wa kuyaweka chini ya magurudumu tela likisita. Mwaka ule kulabu ya zamani, ambayo mtu fulani alikuwa ameichomelea, ilifunguka katikati ya mlima. Tela likarudi nyuma na mzigo wake wote. Wapakiaji wakaruka pembeni. Mmoja aliacha buti lake chini ya gurudumu. Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo lililomtisha mdogo wangu zaidi. Alisema bahati ni kama mahindi, haisagwi mara mbili. Akamwambia mumewe mbele yangu:

"Hurudi kule mpaka Fundi akufulie kulabu."

Fundi akakubali. Ila Fundi alifua kwa wakati wa moyo wake, na bosi wa trekta hakuwa na subira ya moyo wa mtu. Akaagiza kulabu yake Makambako, kwa yule binti. Lameki akajikuta na kulabu mbili zinatengenezwa, moja ya mke, moja ya bosi, na roho yake ni moja.

Habari zilimfikia Fundi siku ileile binti alipokuwa njiani kuileta mwenyewe. Mchana huo nyundo haikupumzika. Niliisikia juu ya kelele ya mashine yangu, na hiyo si kawaida. Nikaenda kuchungulia. Hakuniita Kobe.

"Toka mlangoni, unanizibia mwanga."

Sikumwelewa. Siku zote alitaka banda liwe giza, aione rangi.

Binti alifika jua likiwa bado juu ya miti, kulabu yake imefungwa kwenye gunia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hiyo ndiyo?"

"Ndiyo."

Hakuigusa. "Umeimimina?"

"Baba, nani anamimina kulabu ya tela? Nimeikata kwenye bamba. Nyuzi za bamba nimezifuata, zinapita kwa urefu wa shingo. Hapa kwenye pindo, ambapo lazima zikatike, nimeacha nyama nene."

"Nani kakufundisha nyuzi?"

"Kuna mzee mmoja alikuwa akivunja vijiti vya paini mbele za watu."

Mama yake akakohoa. Fundi akasema chai ipo ndani.

Binti hakungoja kuambiwa. Alitoka akailaza kulabu yake kwenye majani, kando ya ile ya baba yake ambayo tayari ilikuwa pale, nyeusi, imekwisha kupoa. Zililala zimepeana migongo kama mke na mume walionuniana.

Asubuhi sakitu ilikuwa nene. Tulikuwepo Lameki, mdogo wangu amejitanda blanketi, Fundi na mkewe, binti, na mimi ndani ya soksi zangu zote. Kwa heshima, ya Fundi ikafungwa kwanza. Lameki akaishika nyundo kwa mikono miwili, akamtazama mzee.

"Piga kama unaichukia," akaambiwa.

Alipiga. Ikalia vizuri. Akapiga tena, ikakatika.

Sauti yenyewe ilikuwa fupi, kama kuni kavu. Kipande kiliteleza juu ya majani kikaacha mstari wa kijani kwenye weupe. Mdogo wangu alikuwa amemshika mumewe kwa nyuma ya koti, kama vile mlima wa Kifanya ulikuwa palepale uani. Fundi aliitazama nyundo, hakukitazama kipande.

"Chuma kilikuwa kibovu," alisema. Halafu, "Ifungeni ya huyu."

Lameki akapiga. Ikashika. Akapiga tena, na tena, jasho likimtoka kwenye baridi ile, ikashika. Mdogo wangu akaanza kupumua. Hapo ndipo Fundi aliponyoosha mkono akaichukua nyundo.

Mpaka leo sijui alitaka nini. Aliipiga kulabu ya mwanawe kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo, palepale kwenye pindo. Akazunguka upande wa pili, akapiga. Ikivunjika, Lameki hana kulabu na binti hana jina. Isipovunjika, asiye na jina ni mwenye nyundo. Mkewe alimwita, taratibu, akapiga tena kama hakusikia. Binti aliweka mikono nyuma, akatazama bila kupepesa. Mwishowe pumzi ndiyo iliyomwishia. Kulabu ilikuwa na alama za nyundo juu yake, na imekaa kama ilivyokaa.

"Nzito mno," alisema Fundi. Akafuta uso. "Twendeni Kifanya."

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, na wewe nenda."

"Na mashine?"

"Mashine haina miguu. Wewe unayo."

Ndiyo sababu, mimi ambaye hata harusi huhudhuria kwa kutuma zawadi, nilijikuta bondeni Kifanya nimeshika jiwe. Tela lilikuwa limejaa, magogo yamefungwa minyororo, kulabu mpya mahali pake. Wapakiaji walisimama mbali. Walikumbuka lile buti. Lameki alikuwa juu ya trekta ameligeuzia uso tela, na hakuna mtu aliyekwenda nyuma yake.

Fundi akaokota jiwe. Akaenda akasimama nyuma ya tela, katikati kabisa, pale ambapo magogo yakirudi hayana pa kukukosea.

"Baba, tembea pembeni," binti alisema.

"Nimesimama hapa."

"Pembeni unaweza kuruka."

"Sina mpango wa kuruka. Lameki, vuta."

Lameki akavuta. Wapakiaji waliona aibu, wakamfuata mzee, kila upande mmoja mmoja. Binti alikwenda ubavuni mwa tela, jicho kwenye kulabu. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kuona watu wote wakifa kabla yangu. Tulipofika kwenye mwinuko mkali trekta likakohoa. Kulabu ikalia, mlio mrefu wa chuma juu ya chuma, na tela likasita, kisha likarudi. Kidogo tu, lakini nililiona linarudi. Wapakiaji waliweka mawe yao wakatoka mbio. Fundi aliinama, akaweka lake chini ya gurudumu bila haraka, kama mtu anayeweka kigoda, akabaki ameinama palepale na mkono juu ya gogo. Lameki alibadili gia. Binti hakutazama kulabu tena. Alikuwa akimtazama baba yake.

Trekta likanguruma, mnyororo wa magogo ukakaza, tela likapanda.

Barabarani Fundi alikaa kwenye majani. Akamwomba binti maji, akanywa, akamrudishia chupa. Sifa zote alizompa ni hizo. Kuanzia hapo mteja mwenye haraka alimwelekeza Mahongole, "Nenda kwa yule." Lakini ukimwuliza habari za kulabu yake iliyokatika, jibu halikubadilika: chuma kilikuwa kibovu. Alilisema sana hata mkewe akawa analimalizia kwa niaba yake. Hata binti, wateja wa Makambako walipomchimba, alisema hivyohivyo. Chuma kilikuwa kibovu.

Mwaka huu nilikwenda Makambako. Ndiyo, mimi. Shafti ya mashine yangu ilipinda na hakukuwa na mtu wa kumtuma. Fundi sasa anaishi kwa binti yake. Mkewe ametangulia, mabega yamekwisha, na masikio karibu yote. Nilimkuta karakanani amekaa kwenye kiti mbele ya moto. Binti amejenga tanuri la kufulia pembeni ya kalibu zake za mchanga, na ile reli ya Ramadhani imehamia huko. Alikuwa anafua kulabu. Nilisimama mlangoni, sikuamkia mtu.

"Bado," Fundi alisema, macho kwenye moto. "Bado. Sasa."

Binti akaitoa, akaiweka juu ya reli, akapiga. Mzee alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri, na sidhani kama alijua kuwa nipo.

"Ukimaliza usiitie majini. Panga tia, likaze, linakwenda kukata. Hii inakwenda kuvuta, ikishtuliwa na maji inapata ufa. Ifukie kwenye majivu, ipoe yenyewe, hata kama ni mpaka kesho."

"Sawa, Baba."

"Ile ya Lameki niliitia majini. Kwenye pipa la nje, na unayajua maji ya Juni. Nilitaka ukifika uikute imekwisha."

Nyundo ya binti ilibaki juu. Kisha aliishusha bila kupiga, akainama sikioni kwa baba yake.

"Najua, Baba."

"Nani kakwambia?"

"Nilikitazama kile kipande. Ufa ulikuwa umeshaota kutu ndani. Kulabu ililala nao pale nje. Lameki aliumalizia tu."

"Ulijua siku ileile?"

"Siku ileile."

Fundi alimtazama. Midomo ilicheza, nikadhani atasema neno kubwa, na nikaona aibu kuwa pale mlangoni. Juu ya reli wekundu ulikuwa umeanza kurudi ndani kutoka kwenye kingo.

"Piga," alisema. "Inapoa."